Mifupa Chini ya Godoro

Mtoto asiyelala huifundisha nyumba nzima kusikiliza. Mwanzo mnamsikiliza yeye. Kisha mnaanza kusikilizana: nani amefungua mlango, nani amekohoa, nani alikuwa ananong'ona na kwa nini amenyamaza nilipoingia. Mimi nilifika mahali pa kumsikiliza mama yangu mzazi akipumua, nijue kama amelala kweli au anajifanya. Naandika haya kwa ajili ya wale akina mama niliokaa nao kwenye benchi la kliniki, kila mmoja amemshika mtoto kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ameshika siri. Najua siri yenyewe ni ipi. Nami niliishika.

Binti yangu anaitwa Masika. Kwa Wanande, watu wa baba yake, hilo ni jina la mtoto wa kike wa kwanza, basi. Kwangu mimi limekuwa mvua tangu siku aliyozaliwa: inaanza ghafla, inapiga mabati, haisikii ukiiambia inyamaze. Alipokuwa na miaka minane, usingizi ulimjia pale tu usiku ulipokaribia kwisha. Miguu ilipiga ukuta. Mdomo ulisimulia. Aliinuka kunywa maji, akainuka kuuliza kama samaki wanafumba macho, akainuka kuniambia kwamba hainuki tena. Jogoo wa jirani akiwika, ndipo alipozimika kama umeme wa mtaa wetu wa Katuba, pasipo kuaga. Na saa kumi na mbili ilikuwa lazima aamke kwenda shule. Nilimvisha sare akiwa amelala. Nilimpiga mswaki akiwa amelala. Mwalimu wake aliandika kwenye daftari kwamba mtoto huyu ama analala juu ya dawati ama anasimama juu yake, na kwamba angependa kujua hali ya katikati inapatikana wapi.

Tulikuwa wanne nyumbani. Mume wangu, Kasereka, anafanya kazi kwenye duka la jumla la ndugu zake mjini, mchele na mafuta, na usiku hulala kama gunia lililoshushwa. Mama yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa rozari ya alfajiri, alikuwa na chumba kidogo kando ya jiko. Masika anamwita kambo, kama watoto wote wa Katanga wanavyowaita bibi na babu zao. Wa nne ni mimi, ambaye pia silali. Lakini mtu mzima asiyelala hapewi jina la ugonjwa. Anapewa jina la kazi. Walisema: acheni, yule anaandika vitabu. Na kweli usiku nilikaa kwenye meza ya sebule na daftari langu, na nikishika kalamu dunia inaniacha. Siku moja maharage yaliungua hatua nne kutoka nilipoketi, moshi ukajaa nyumba, hadi jirani akaingia na ndoo ya maji. Niliinua kichwa nikamuuliza anatafuta nini. Kasereka aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi.

Kipupwe kilipofika, mwezi wa saba, alikuja Kavira, dada mkubwa wa Kasereka, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa huku, kutoka Butembo. Alisema atakaa wiki mbili kusubiri mzigo. Tulimpa kitanda katika chumba cha Masika. Siku ya nne, asubuhi, akaketi mbele yangu na kikombe cha chai, macho mekundu.

"Mama Masika, huyu mutoto halalaki."

"Najua, yaya."

"Unajua? Sasa mutoto mwenye halalaki, usiku anaendaka wapi?"

"Haendaki pahali. Iko mu kitanda."

Akapuliza chai yake. "Mwili iko mu kitanda. Miye siulizi mwili."

Huku kwetu swali la namna hiyo halihitaji kumaliziwa. Katika mji huu kuna watoto wanaolala sokoni, chini ya meza za wauza mboga, kwa sababu siku moja mtu fulani nyumbani kwao alilimalizia, akamwita mtoto mchawi. Nilicheka, kwa sababu nilitaka Kavira aone nacheka. Lakini jioni ile, nilipomwogesha Masika, nilimtazama mgongo, viganja, nyuma ya masikio. Sikujua natafuta nini. Nilitafuta.

Wiki mbili za Kavira zikawa miezi. Mzigo ulifika, ukauzwa, mwingine ukaagizwa, naye akabaki, akihesabu usiku wa mtoto wangu. Hadi mwezi wa kumi, vumbi na joto vikiwa vimetukaba koo, na jakaranda za mjini zimefunguka zambarau, ndipo nilipompeleka Masika kliniki. Mama alikuja nasi.

Kwenye benchi, mwanamke aliyekaa kando yangu alimtazama Masika akizunguka nguzo.

"Wako anafanya nini?"

"Halalaki. Na wako?"

"Wangu analala muzuri. Njo shida. Analala ku darasa." Tukacheka. Kisha akasogea, akashusha sauti: "Bantu ya kwenu banajua muko huku?"

"Bamoja bamoja."

"Miye nilibaambia tunaenda ku meno. Huyu mutoto, kwa sasa, iko na meno mubaya kupita bote mu Lubumbashi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Nilimshuku kwa sababu alikuwa mpole. Nilishuku karatasi zake, maswali yake yasiyokwisha. Mtoto anapoteza vitu? Anaingilia maneno ya watu? Anaanza kazi na kuiacha? Kila nilipojibu juu ya Masika, mama yangu, kwenye kona na rozari yake, alikohoa kidogo na kunitazama mimi.

"Na weye, mama?" daktari akaniuliza. "Weye unalalaka?"

"Huyu?" mama akajibu kabla yangu. "Huyu halalaki tangu nilimuzaa. Na miye vilevile. Sisi ni bantu ya macho."

Nilikasirika. Sikuja pale kwa ajili yangu. Daktari akatabasamu, akaandika kitu, nikashuku hata alichoandika. Kisha akataja herufi nne za Kifaransa, TDAH, akasema ni namna ambayo watu wengine wanazaliwa nayo, umakini unaotawanyika na mwili usiokubali kutulia, na kwamba usingizi ni mmoja wa milango ambayo tatizo hilo hupenda kuingilia. Akaanza kueleza dawa.

Nikatazama dirishani. Chini, barabarani, mtu alikuwa anajaribu kufunga godoro juu ya baiskeli. Godoro lilikuwa la watu wawili na baiskeli ilikuwa ya mtu mmoja. Alilikunja, likakunjuka. Alilikalia, likainuka naye. Maua ya jakaranda yalilidondokea kama kwamba mtu ameshatandika. Nilisikia mwanzo wa maneno ya daktari: kidonge kimoja asubuhi. Nikasikia mwisho: mutarudia kisha miezi tatu. Katikati kulikuwa na godoro.

Jioni Kavira aliichukua ile karatasi mezani, akaisoma kwa kidole.

"Trouble. Kasereka, uone, docteur mwenyewe ameandika. Mutoto iko troublé."

"Yaya, ni trouble ya attention."

"Njo ile miye nasema!" Akainua kidole juu, maana kwa Kifaransa neno hilo pia ni onyo la hatari. "Attention!"

Hata mama alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kwa sisi wote kucheka kitu kimoja.

Dawa iliagizwa, ikafika pamoja na mvua za kwanza. Nilikishuku kidonge pia. Nilikivunja kimoja, nikakilamba, kikawa kichungu bila kunieleza lolote. Wiki ya pili, mwalimu aliandika kwenye daftari neno moja: "Ameketi." Nilikata ukurasa ule. Niko nao hadi leo.

Lakini mwili hulipiza. Mchana, Masika aliisukuma sahani. Sombe, kisamvu chetu, aliyoililia zamani aliitazama kama mtu anavyotazama chakula kwenye picha. Sketi ya shule niliibana kwa pini, kisha kwa pini mbili. Mifupa ya mabega ikajitokeza kama kiango cha nguo. Na jioni, dawa ilipomwachia, Masika yule wa zamani alirudi wote kwa mpigo, miguu, maswali, mvua juu ya bati. Usingizi haukuja mapema hata kwa saa moja. Majirani walianza kuniuliza ninampa nini, na kwa jinsi walivyouliza, nilijua jibu walikuwa nalo tayari.

Kavira alikuwa na hesabu yake. "Muchana hakuli. Usiku iko na nguvu ya kukesha. Mutoto hawezi kuishi bila kula, Mama Masika. Sasa anakulaka wapi? Na nani?"

Ningekuwa mwongo nikisema swali hilo halikuniingia. Shaka ni kama maji ya mvua: haigongi mlango, inatafuta ufa. Nilianza kuona. Niliona mama anasinzia mchana kwenye kiti, yeye ambaye hakuwahi kusinzia. Niliona kwamba yeye na Masika wanatazamana, kisha wanatazama pembeni. Niliona kitunga cha samaki wakavu, anachotumiwa na binamu yake kutoka Pweto, kinashuka haraka kuliko midomo yetu. Alfajiri moja nilimkuta kwenye bomba la uani, anasugua vidole kwa majivu.

"Unafanya nini, mama?"

"Naosha mikono."

"Saa hii?"

"Mikono haina saa."

Na hapo ndipo pa aibu yangu, na nimeahidi kupaandika. Nilikumbuka ndugu yangu mdogo, aliyefariki akiwa na miaka sita, wakati mimi nina tisa. Homa, walisema. Na mimi, mwanamke mzima aliyesoma, nilisimama uani na mswaki mkononi nikajiuliza nani alimlisha mara ya mwisho. Nilijua jibu. Ni mama ndiye alimlisha. Mama gani hamlishi mwanawe mgonjwa? Lakini shaka haitaki majibu ya namna hiyo. Ilichukua uji wa mwisho wa mtoto mgonjwa ikaugeuza kuwa ushahidi.

Mwezi wa kwanza, kati ya mvua mbili, jua likatoka asubuhi moja, na Kavira akaamua kuanika magodoro. Alipoinua la Masika, aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Juu ya mbao za kitanda kulikuwa na vifurushi vidogo vya karatasi ya daftari la hesabu, ile ya vyumba vyumba, vimekunjwa vizuri kama barua. Akakifungua kimoja. Mifupa ya samaki. Cha pili, mifupa ya samaki. Akavibeba vyote hadi mezani kwangu, juu ya daftari langu.

Mama alikuwa misani. Kasereka alikuwa anafunga viatu.

"Uone," Kavira akamwambia. "Weye unalala, bo banakula. Jumamosi tunamupeleka mutoto ku maombi, kule Annexe. Iko mutumishi wa Mungu mwenye anaonaka. Na huyu mumama arudie kwabo, Kongolo. Ama yeye, ama mutoto wako."

Kasereka aliigeuza mifupa kwa kidole, mtu anayetaka iwe kitu kingine. "Maombi haiuaka muntu, Mama Masika," akasema hatimaye, bila kunitazama.

Sikukataa. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, haikubali. Sikukataa, kwa sababu nami nilitaka kujua.

Chumba cha maombi kilikuwa Annexe, pembezoni mwa mji, katikati ya mashamba ya mahindi, matofali mabichi na turubai. Mahindi yalikuwa yamepita vichwa vyetu, tope limetushika visigino. Ndani, kwenye mkeka kando ya ukuta, walikuwa wameketi watoto watano. Hawakucheza. Midomo yao ilikuwa na weupe wa kiu. Niliwaona, na nikayaambia macho yangu yaendelee mbele.

Mutumishi alikuwa mtu wa sauti ya chini, mpole kama daktari. Nilikumbuka jinsi nilivyomshuku yule kwa upole wake, na nikajiuliza kwa nini huyu nimemwamini njia nzima.

Nilikuwa nimempa Masika kidonge chake asubuhi. Kwa hiyo aliketi wima, mikono mapajani, akasikiliza kila swali hadi mwisho wake. Dawa ilimfanya shahidi mzuri.

"Masika, usiku unalalaka?"

"Hapana."

"Unafanyaka nini?"

"Nakulaka."

"Yesu!" Kavira akasema.

Mutumishi akainua mkono anyamaze. "Nani anakupatiaka kula?"

"Kambo."

"Nyama gani?"

"Haiko nyama. Ni samaki. Na bukari ya kuchoma."

"Munakuwaka bangapi?"

Masika alihesabu kwenye vidole, kwa uangalifu, kama darasani. "Batatu."

"Wa tatu ni nani? Usiogope, mwanangu. Sema jina."

Akanigeukia. Hakukuwa na hofu usoni mwake, wala hila. "Mama."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Nilihisi Kavira anasogea hatua moja mbali nami, na Kasereka ananitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Mama yako naye anakulaka?"

"Hapana. Mama iko pa meza, anaandika. Miye na kambo tunakaaka pa mulango, pa mbabula, tunakula. Mama haonaki." Akafikiri, maana alikuwa amefundishwa kusema ukweli wote. "Siku moja nilimuwekea samaki pembeni ya kitabu yake. Akakula. Lakini hakuniona."

Bukari ni ugali, na mbabula ni jiko letu la makaa; ile yetu hukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Kutoka pale hadi kwenye kiti changu ni hatua nne.

Mutumishi alifumba macho. "Bibi, mama, mutoto," akasema. "Kamba moja. Mutoto anabaki hapa siku tatu. Hakuna kula, hakuna maji. Bale bengine tutabaita kila muntu na siku yake."

Nilitazama mabega ya Masika, pini mbili kwenye sketi. Nilitazama ile midomo mitano kwenye mkeka. Na shaka yangu, iliyokuwa imezunguka nyumba yangu miezi sita ikinusa kila mtu isipokuwa aliyestahili, hatimaye ilisimama mbele ya mtu sahihi. Nikamshika Masika mkono.

"Simama, tunaenda."

"Mama Masika!" Kavira akaniziba njia.

"Muache," Kasereka akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto. "Masika, ile samaki ni ya wapi?"

"Ya mu kitunga. Ya Pweto."

"Yenye iko mu sahani ya kufunika asubui?"

"Ee. Kambo anakuachiaka. Wewe na ma tante." Akamwonyesha Kavira, shangazi yake, kwa kidole.

Kasereka alianza kucheka kwa pua, kisha kwa mabega. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa cha mtu aliyeshikilia mzigo mbaya na kamba imekatika yenyewe. "Yaya," akamwambia Kavira, "kila asubui unakulaka mukia yake, unaramba na bidole. Sasa tuko batano. Tubaki bote?" Kisha akainuka, akajipangusa tope magotini. "Maharage, yaya. Nilikuambia ile ya maharage. Huyu muke hata ukimuchomea nyumba, atauliza unatafuta nini."

Mutumishi hakukasirika. Alisema tu, kwa ule upole wake, "Mutarudia." Hatujarudi. Lakini mimi nimerudi pale, kwa akili, mara nyingi, kwa sababu ya wale watano kwenye mkeka. Nilimchukua wangu nikatoka. Hilo nalo ni kweli.

Tulimkuta mama ameketi kwenye kiti karibu na mlango, kitambaa cha kanisani kichwani, begi limefungwa miguuni. Mifupa, ambayo Kavira aliifungia wiki nzima, alikuwa ameirudisha mezani tulipoondoka.

"Nilikuta hii," akasema. "Nikajua kwenye mulienda."

"Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Alishangaa kweli. "Docteur alisema: muchana dawa itamukataza njaa, usiku njaa itamurudilia, mumupe kula, na akishiba usingizi itakuya. Nikamupa. Weye ulikuwa palepale!"

"Sikusikia."

"Ulikuwa unaangalia…"

"Godoro," nikasema.

"Godoro gani?"

Nilimwaga mkoba wangu mezani. Kalamu, tiketi, ganda la karanga, na karatasi ya daktari iliyokunjwa. Tulikuwa tumesoma ukurasa wa kwanza tu, ule wenye neno *trouble*. Nyuma yake, kwa mwandiko mzuri, yamepigiwa mistari miwili maneno haya: chakula kamili jioni, mtoto asilale na njaa.

"Na mifupa?" Kasereka akauliza taratibu. "Juu ya nini kuificha?"

Mama alimtazama Kavira, kisha akatazama sakafu. "Ma tante yake analiliaka kitunga. Nilikuwa nangojaka asinzie, na nikaambia mutoto: mifupa ufiche, kusudi asione. Nilizani ni mambo ya samaki tu." Kisha akanigeukia mimi, si Kavira, mimi. "Na weye, mwanangu? Weye ulizani nini?"

Niliikusanya ile mifupa kwenye karatasi yake. Alinitazama, na nikaona anaisoma ile alfajiri ya bombani, majivu kwenye vidole, ndugu yangu mdogo, vyote. Hakulia. Alivua tu kile kitambaa cha kanisani, akakikunja mara nne, na kila mkunjo niliusikia.

Kasereka alilibeba begi. Kwetu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe wake. Akaliweka kizingitini, akarudi nyuma hatua mbili, akainama na kupiga makofi ya taratibu ya heshima, kama wazee wa upande wetu wanavyofanya, yeye Mnande ambaye hakuna aliyemfundisha. Mama alilivuta begi ndani kwa mguu. Mlango ukafungwa. Aliufungua baada ya siku mbili, ambazo alizungumza na Masika tu.

Kavira alihamia nyuma ya duka la ndugu zake. Kliniki tulirudi mvua zikiwa katikati, sote wanne, na safari hii Kasereka alikaa mbele na kalamu. Daktari alisogeza saa ya kidonge ikawa mapema zaidi, na chakula kikubwa kikawa saa kumi na mbili na nusu jioni, hadharani, uani, kila mtu na sahani yake. Kisha akanitolea mimi karatasi zile zile za maswali. Nilizijaza, mama akinisahihisha. Sasa nami nina herufi zangu nne, na saa tatu usiku saa ya mezani inalia jikoni na daftari linafungwa, hata kama mtu kwenye ukurasa ameacha mguu hewani.

Sitawadanganya kwamba tumepona. Ziko siku ambazo mvua bado inapiga mabati hadi jogoo. Lakini sketi imerudi kwenye pini moja, na mwezi uliopita haikuhitaji pini. Kama mko kwenye benchi sasa hivi, ushauri wangu ni mmoja: ingieni wawili kwa daktari, mmoja asikilize na mwingine atazame dirishani. Na mkiona mtu nyumbani anaosha mikono alfajiri, muulizeni kwa sauti, mbele ya watu, kabla shaka haijawajibia.

Kavira alikuja jioni moja mwisho wa mvua, akasema anapita tu. Tulikuwa uani, jua linashuka nyuma ya paa za Katuba. Mama alichukua sahani, akaweka bukari, akaweka samaki wa Pweto, ule mkia, akamsogezea.

Kavira aliushika. Aliutazama mkia, akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwenye mkia. Sote tukaacha kutafuna.

"Kula tu, ma tante," Masika akasema, mdomo umejaa. "Usiku haijafika."

Kavira akatazama juu, akahakikisha. Kisha akala.